Rangi Ikibanduka Kwenye Kigae, Usianze Kumlaumu Muuza Rangi

Mahindi yakishaingia ghalani na mvua zikikatika, huku kwetu Mbeya na kule Iringa moshi wa tanuru huanza kuonekana mabondeni. Wengi mnafyatua matofali ya kuchoma. Wachache, hasa vikundi vya akina mama na vijana, mmepiga hatua ya pili: mnafinyanga vigae vya ukutani vyenye michoro, vya kupamba jiko, bafu, kaunta ya mgahawa au baraza ya nyumba ya wageni. Na swali linalorudi mara kwa mara kutoka kwenu ni hili: "Afisa, rangi yetu inabanduka. Tununue ya aina gani?"

Leo natoa maoni yangu waziwazi. Mara nyingi rangi haina kosa. Kosa limetangulia kabla ya brashi, kwenye udongo, kwenye kukausha, au limefuata baadaye kwenye moto. Kikundi kinachobadilisha kopo la rangi bila kuangalia mambo hayo matatu kitanunua makopo mpaka mtaji uishe, na vigae vitaendelea kubanduka.

Ninyi wakulima mnalijua jambo hili. Jani la mahindi likigeuka njano, hatukimbilii dukani kununua urea. Kwanza tunauliza: maji yametuama? Mizizi imeliwa? Njano imeanzia jani la chini au la juu? Tukishajua ndipo tunafungua pochi. Kigae kinadai adabu hiyohiyo.

Kwa nini si jambo dogo

Kigae cha mkono hakiwezi kushindana kwa bei na marumaru za kiwandani. Viwanda vya Mkuranga na Chalinze, mkoani Pwani, vinatoa marumaru kwa mashine, kila moja sawa na mwenzake, na zinafika mpaka maduka ya vifaa vya ujenzi ya huku kwetu. Mteja anayekuja kwako hafuati unafuu. Anafuata mchoro na rangi ambayo haipati dukani. Kwa hiyo rangi ikiharibika, umebaki na tofali jembamba.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme mmepata oda ya vigae 400 vya sentimita 15 kwa 15. Hivyo vinafunika mita 9 za mraba. Tuseme bei ni shilingi 2,000 kwa kimoja, jumla 800,000. Kikiharibika kimoja katika kila vinne, umepoteza vigae 100, yaani shilingi 200,000, na hapo sijahesabu kuni, glezi na siku za watu. Kama mtaji ulitokana na mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri, ujue mkopo ule hauna riba lakini una marejesho. Tarehe ya rejesho haitajali kwamba rangi imebanduka.

Rangi ya chini ni nini hasa

Tuelewane kwa maneno. Glezi ni ule uji wa madini ya kioo unaopakwa juu ya kigae. Ukipata joto la kutosha unayeyuka na kuwa kioo chembamba kinachong'aa. Rangi ya chini ni rangi inayopakwa kwenye udongo kabla ya glezi, kisha glezi isiyo na rangi inakuja juu yake kama kioo juu ya picha. Ndani ya rangi ya chini kuna madini ya kutia rangi, kama chuma kwa wekundu na kahawia, kobalti kwa buluu, shaba au kromu kwa kijani, manganizi kwa kahawia nzito na nyeusi. Madini hayo yamechanganywa na udongo laini na kitu kidogo cha kusaidia kuyeyuka.

Si ufundi mgeni pwani yetu. Vipande vya vyombo vya kauri vya China vyenye michoro ya buluu vimefukuliwa Kilwa, na buluu ile ni kobalti iliyopakwa chini ya glezi. Imekaa ardhini karne nyingi na bado inaonekana. Rangi iliyopakwa sawasawa na kuchomwa sawasawa haibanduki.

Kumbuka jambo moja: ndani ya rangi ya chini kuna udongo. Kwa hiyo inakauka, inanywea na kushika kama udongo. Ukiichukulia kama rangi ya mafuta ya kupaka mlango, umeshapotea njia.

Soma gamba kabla ya kulitupa

Rangi ikibanduka, gamba lililotoka ndilo shahidi wako. Usilifagie. Liokote, ligeuze, utazame mgongo wake na shimo lililoacha.

Kama mgongo wa gamba umebeba udongo wa kigae, basi rangi ilishika vizuri na kilichovunjika ni ngozi ya kigae chenyewe. Ngozi hiyo ilikuwa dhaifu kwa sababu ya chumvi, au kwa sababu kigae hakikuiva.

Kama mgongo wa gamba ni msafi na kigae chini yake ni kisafi, rangi haikushika. Hapo uliza: kulikuwa na vumbi? Mafuta ya mikono? Rangi ilipakwa nene mno? Au ilipakwa kwenye kigae ambacho kilikuwa kimeshanywea, kisha rangi yenyewe ikanywea peke yake?

Kama kilichotoka ni glezi tu na rangi imebaki kwenye kigae, ugomvi ni kati ya glezi na rangi. Mara nyingi rangi imepakwa nene na ngumu, haikuiva, glezi ikakosa pa kushika.

Na kama kuna kishimo chenye chembe nyeupe katikati, hasa kama kigae kilitoka salama tanuruni na kikaanza kupasuka siku au wiki kadhaa baadaye, hiyo ni chokaa. Punje ya mawe ya chokaa ndani ya udongo ikichomwa hugeuka chokaa hai. Chokaa hai hunywa unyevu wa hewa, huvimba, na kurusha kila kilicho juu yake. Kopo la rangi la bei yoyote haliwezi kuzuia hilo.

Mambo manne yanayokosewa kabla ya brashi

La kwanza ni kuchimba udongo wa juu. Udongo wa juu wa vinyungu una mizizi, samadi na mabaki ya mbolea. Mizizi na samadi huacha kaboni inayotoa gesi wakati wa kuchoma, na gesi hiyo hutoboa glezi vitundu kama vya sindano. Chumvi za mbolea huyeyuka kwenye maji na kupanda juu kigae kinapokauka. Ondoa tabaka la juu mpaka uone udongo mtupu, uloweke, uuchuje kwa chekeche laini, ndipo uukande. Chekeche ndiyo dawa ya kwanza ya punje za chokaa pia. Unapochimba, kaa mbali na mto: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo za mto na chanzo cha maji. Ukimaliza fukia shimo, lisije likameza ndama au mtoto.

La pili ni udongo mtupu usio na kokoto. Udongo mnono hunywea sana na kigae hupinda. Changanya chenga za vyungu au matofali yaliyochomwa, zilizotwangwa na kuchekechwa, kuanzia sehemu moja kwa sehemu nne za udongo. Chenga haziongezi kunywea, kwa hiyo zinatuliza udongo mzima.

La tatu ni upepo wa kiangazi. Kuanzia Juni hadi Agosti huku juu kuna baridi usiku na upepo mkavu mchana. Kingo za kigae hukauka wakati katikati bado ni mbichi. Kigae hupinda kama jani, na chumvi yote hukimbilia kingoni ambako maji yanatoka haraka. Ule unga mweupe unaouona kwenye kingo ndio huo. Ukipaka rangi juu yake umepaka juu ya unga. Kausha ndani, mbali na upepo, vigae vikiwa juu ya mbao au magunia makavu, uvifunike kwa siku za mwanzo, na uvigeuze kila siku. Vikianza kukaza, viweke kati ya mbao mbili zenye uzito kidogo.

La nne ni kupaka rangi wakati usio wake. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Rangi ya udongo uliyotengeneza mwenyewe ipakwe kigae kikiwa kimekaza kama ngozi mbichi, kikishikika bila kubonyea lakini bado kikiwa baridi mkononi. Hapo rangi na kigae vitanywea pamoja. Ukingoja mpaka kikauke kabisa, kigae kimemaliza safari yake na rangi ndiyo kwanza inaanza. Itachanika na kujikunja. Rangi ya chini ya dukani kwa kawaida inaruhusu kupakwa pia kwenye kigae kilichokwisha kuchomwa mara ya kwanza. Soma maelezo ya kopo.

Kwenye brashi na kwenye glezi

Ukipaka kwenye kigae kilichochomwa, kifute kwanza kwa sponji yenye unyevu na ukiache kidogo. Unafuta vumbi, na pia unakinywesha maji ili kisiivute rangi kwa pupa. Michirizi ya brashi mingi hutokana na hapo: kigae kikavu kinanyonya maji kabla brashi haijafika mwisho. Baada ya kufuta, kishike kwa kingo tu. Aliyetoka kula chipsi au kujipaka mafuta asiguse uso wa kigae, maana palipo na mafuta glezi hukimbia na kujikusanya pembeni, ikiacha upara.

Paka mara mbili au tatu, kila mkono uwe mwembamba. Mkono wa kwanza uende mlalo, wa pili wima, na kila mmoja usubiri wa kwanza ukauke. Mkono mmoja mnene hauwi sawa na mikono mitatu myembamba. Mnene ndio unaobanduka.

Kama mchoro unachafuka unapopaka glezi, sababu ni kwamba brashi ya glezi inaamsha rangi ambayo haijachomwa na kuiburuta. Kuna njia mbili. Ama choma rangi kwanza, ndipo upake glezi. Ama acha brashi, umwagie kigae glezi kwa mkupuo mmoja au ukichovye uso na kukitoa upesi. Kwa kikundi kinachoanza, nashauri njia ya kwanza: paka rangi kwenye kigae kibichi kilichokaza, choma, kisha glezi, kisha moto wa pili. Ukifanya hivyo makosa ya rangi utayaona kabla hujamwaga glezi, na glezi ndiyo yenye gharama.

Kama rangi imeonekana hafifu baada ya moto, imepakwa nyembamba mno au moto umezidi. Baadhi ya nyekundu na waridi za dukani haziwezi joto kubwa, hufifia. Buluu ya kobalti ni kinyume: ni kali, kidogo kinatosha, na glezi ikiwa nene hutawanyika na mstari ukawa ukungu.

Kama glezi imejaa nyufa nyembamba kama utando wa buibui, rangi haihusiki hapo. Glezi imenywea kuliko kigae wakati wa kupoa. Glezi hiyo na udongo huo haviendani, au kigae hakikuiva vya kutosha.

Moto: hapa ndipo penye ukweli mchungu

Vikundi vingi huanguka hapa, na hapa ndipo maoni yangu yatawaudhi baadhi yenu. Tanuru la matofali, lile la kupanga na kukandika tope, halifai kuchomea glezi. Joto lake si sawa: chini karibu na mdomo wa moto tofali linaiva mpaka linalia kama kengele, juu na pembeni limebaki la rangi ya chungwa na linamung'unyika. Glezi za kawaida za udongo mwekundu huhitaji joto la kama nyuzi 1,000 hadi 1,100, tena kwa kila kigae. Kigae kisichofika hapo kitatoka na glezi ya ungaunga isiyong'aa, na rangi itafutika kwa kitambaa. Juu ya hapo, majivu hudondokea glezi, na moshi mzito hugeuza wekundu wa chuma kuwa kahawia au mweusi.

Kwa hiyo kikundi kinachonunua rangi za makopo na glezi bila kuwa na tanuru linalofikisha joto hilo kimenunua mbegu bila shamba. Kabla ya kununua, jengeni au tafuteni tanuru dogo lenye chumba kilichotenganishwa na moto, au angalau mpange vigae ndani ya vyungu vikubwa vya kuvikinga na majivu. Ofisi ya SIDO ya mkoa, shirika linalohudumia viwanda vidogo tangu mwaka 1973, ndiyo mahali pa kwanza pa kuuliza habari ya tanuru kabla ya habari ya rangi.

Namna ya kuchoma ni hii. Saa za mwanzo ziwe za moto mdogo sana, wa kufukuza maji tu. Maji yakigeuka mvuke ghafla ndani ya kigae, kigae hulipuka. Pandisha polepole mpaka kiwe chekundu hafifu. Karibu na nyuzi 573, chembe za mchanga ndani ya udongo hubadilika umbo na kupanuka ghafla, na wakati wa kupoa hurudi ghafla vilevile. Ukikimbiza moto hapo, au ukifungua tanuru mapema ukidai wateja wanasubiri, kigae hupasuka. Usifungue mpaka vigae vinashikika kwa mkono mtupu.

Usikadirie moto kwa macho peke yake. Kuna koni ndogo za kupimia joto, zinazopinda zikifika joto lake. Koni namba 06 hupinda karibu nyuzi 1,000, na namba 04 karibu 1,060. Weka moja chini na moja juu ya tanuru. Zikipinda tofauti, umepata jibu la kwa nini nusu ya vigae vyako ni vizuri na nusu vibaya.

Na kipimo kisicho na gharama: vunja kigae kimoja cha moto wa kwanza katikati. Ukiona moyo mweusi ndani, kaboni haikuungua, umekimbiza moto. Gesi ile itatoka kwenye moto wa pili, ipite katikati ya rangi yako na glezi yako.

Maoni yangu: anzeni na udongo wenu

Sasa nifike kwenye hoja yangu kubwa. Kikundi kinachoanza kisinunue rangi ya dukani hata kopo moja mpaka kiweze kupaka udongo wa rangi wa kwao, ukashika, ukaiva, na usibanduke.

Mfano upo hapahapa mkoani. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, ng'ambo kidogo ya Matema kwenye Ziwa Nyasa, wilayani Kyela, wanajulikana kwa vyungu vyao kote nyanda za juu. Vyungu hivyo husafiri kwa mitumbwi, huuzwa sokoni Lyulilo, na hufika mpaka Mbeya mjini. Mapambo yake ni ya udongo, na moto wake ni wa wazi wa kuni. Hawakungoja kopo kutoka mbali. Nguvu yao ni kwamba wanaujua udongo wao: unanywea kiasi gani, unakaza lini, unataka moto gani.

Ninyi mnao wekundu: ngeu ipo kwenye kingo za barabara na vilima vingi vya huku. Mnao weupe: udongo mweupe wa kaolini upo Malangali, wilayani Mufindi. Ukichanganya uji wa udongo mweupe na ngeu kidogo kidogo utapata waridi na machungwa. Udongo wenu wenyewe, uliochujwa laini, ni kahawia. Hizo ni rangi nne, na zote hazikimbizwi na moto. Kwenye kigae kilichokaza, uso ukasuguliwa kwa kokoto laini, kinang'aa bila glezi. Kigae cha namna hiyo hakifai nyuma ya sinki, lakini kwa ukuta wa sebule, baraza au kaunta kinapendeza, na kinachomwa mara moja tu.

Najua watakaopinga. Watasema mteja wa mjini anataka buluu na kijani, na udongo wa Mufindi hautoi buluu. Ni kweli kabisa. Buluu itabidi inunuliwe. Pia watasema wapo waliofanikiwa kwa rangi za kununua, na hilo nalo ni kweli: kule Karen, Nairobi, karakana ya Kazuri ilianza mwaka 1975 na imeajiri wanawake wengi wanaotengeneza shanga za udongo zenye rangi na glezi, zinazouzwa mpaka nje ya nchi. Lakini nao hawaweki kazi yao kwenye tanuru la matofali. Mimi sikatai rangi ya dukani. Ninachokataa ni kuanza nayo. Mkishamudu rangi nne za nyumbani, nunueni kopo dogo la buluu, mlitumie kwa mistari na maua madogo, na wekundu wenu uchukue sehemu kubwa ya kigae. Hapo kopo litadumu, na kazi yenu haitafanana na ya mtu mwingine.

Vigae 12 vya majaribio

Kabla ya oda yoyote, tengenezeni vigae 12 vidogo vya majaribio kwa udongo uleule wa oda. Kila kimoja kipewe namba kwa nyuma, na kila namba iandikwe kwenye daftari.

Kwanza, pimeni kunywea. Chora mstari wa sentimita 10 kwenye kigae kibichi. Baada ya kuchoma, upime tena. Ukibaki sentimita 9, udongo umenywea asilimia 10, na kigae cha sentimita 15 kinatakiwa kufinyangwa kwa kalibu ya sentimita 16.7. Kikundi kisichojua namba hii hakiwezi kumwahidi fundi ukubwa wa kigae.

Pili, pakeni vinne vikiwa vimekaza, vinne vikiwa vikavu kabisa, na vinne baada ya moto wa kwanza. Katika kila kundi, kimoja kipate mkono mmoja wa rangi, kingine miwili, kingine mitatu, na cha mwisho mmoja mnene. Hapo daftari litawaambia wakati na unene unaofaa udongo wenu. Badilisheni jambo moja kwa wakati mmoja. Mkibadilisha udongo, rangi na moto kwa pamoja, hamtajua kipi kilisaidia.

Tatu, pimeni kunyonya maji. Pima uzito wa kigae kikavu kilichochomwa bila glezi, kiloweke siku nzima, kifute na upime tena. Kikiwa gramu 500 kikavu na gramu 570 kilipolowa, kimenyonya asilimia 14. Kigae kinachonyonya zaidi ya asilimia 10 ni cha ukutani ndani ya nyumba. Usimuuzie mtu kwa ajili ya sakafu, hata akikuomba.

Nne, viacheni vyote mahali penye unyevu kwa wiki mbili. Chokaa ikiwemo, itajitokeza kwenu badala ya kujitokeza ukutani kwa mteja.

Kwa mfanyabiashara unayenunua kuuza

Nawe usinunue kwa macho. Chukua vigae vitatu kutoka sehemu tofauti za mzigo, si vile vitatu ulivyopewa. Viloweke usiku kucha, vianike, kisha pitisha ukucha na kipande cha utepe wa kunata juu ya mchoro. Kisichobanduka hapo kina nafasi nzuri ukutani. Gonga pia: kilichoiva kinalia, kilichopasuka ndani kinanong'ona. Na muulize mfinyanzi daftari la majaribio. Akilitoa, mpe malipo ya awali bila woga. Asiponalo, agiza vichache kwanza. Ukifanya hivyo unamlinda yeye pia, maana mzigo uliorudishwa unawaua wote wawili.

Afya haina bei

Mambo matatu sitayazungusha. Usitumie glezi yenye risasi kwenye kitu chochote, na usiyeyushe betri za gari kutafuta risasi. Sumu yake huharibu ubongo wa mtoto na haionekani kwa macho. Usipasue betri za tochi kuchukua ule unga mweusi ukidhani ni rangi ya bure. Na vumbi la udongo mkavu au glezi kavu usilifagie kwa ufagio. Lifute kwa kitambaa kilicholowa, kwa sababu vumbi lile la mchanga laini hukaa kwenye mapafu na halitoki. Watoto wasicheze mahali pa kuchanganyia, na vyombo vya glezi visirudi jikoni.

Neno la mwisho

Kuna methali isemayo mfinyanzi hulia gaeni. Watu huisema kwa kumsikitikia: mwenye kutengeneza vyungu vizuri anakula kwenye kigae kilichovunjika. Ningependa vikundi vyetu viibadilishe maana. Vile vigae vilivyoharibika msivitupe kichakani kwa aibu. Vipangeni ukutani mwa karakana, kila kimoja na namba yake na sababu yake: hiki chumvi, hiki moto, hiki mafuta ya mikono. Mwanachama mpya asimame mbele yake asome kabla hajapewa brashi.

Msimu huu, kabla ya kwenda mjini kutafuta kopo jipya, kaeni kikao kifupi cha kikundi. Leteni magamba yaliyobanduka, yageuzeni, na mjibu maswali matatu: udongo ulichimbwa wapi, ulikaushwa vipi, na moto ulifika wapi? Mkikosa kosa kwenye yote matatu, hapo ndipo muuza rangi aitwe kujieleza. Mwenye gamba lisiloeleweka alilete ofisini kwangu siku ya kazi, pamoja na kipande cha udongo mbichi. Bila udongo mbichi sitakuwa na cha kukuambia.